Chui hawakuulizwa kwao ni wapi

Tarehe 7 mwezi wa pili mwaka 2024, saa nne za usiku kwa saa za Goma, timu ya taifa ya Congo, Chui, iliingia kwenye kiwanja cha Ebimpé, karibu na Abidjan, kucheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na wenyeji, Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba midomo yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani, mfano wa bastola. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Watu wanauawa mashariki mwa Congo, na dunia imenyamaza.

Juma hilohilo, maelfu ya wakaaji wa Sake na wa vijiji vya Masisi walikuwa barabarani, godoro kichwani na mtoto mgongoni, wakikimbilia Goma. Aliyekuwa na redio, au simu ambayo ilikuwa bado na moto, alifuata mchezo. Katika dakika ya 65 Sébastien Haller alifunga bao moja, na safari ya Chui ya kwenda fainali ikaishia pale. Siku tatu baadaye walitoka sare ya 0-0 na Afrika Kusini, wakashindwa kwa penalti 6-5, wakarudi nyumbani na nafasi ya nne.

Hata hivyo, shabiki wa Masisi au wa Walikale akikumbuka usiku ule, bao la Haller si kitu cha kwanza anachotaja. Anataja mikono ile midomoni. Kwa mara moja, mbele ya Afrika nzima, watu waliovaa jezi ya nchi walisema kuhusu kijiji chake.

Tangu siku ile vita havikurudi nyuma. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, mwishoni mwa mwezi huohuo wakachukua Goma, na tarehe 19 mwezi wa tatu wakaingia Walikale-centre, kisha wakaondoka hapo mwanzoni mwa mwezi wa nne. Tarehe 27 mwezi wa sita Congo na Rwanda zilitia sahihi makubaliano ya amani huko Washington. Kuna wanaouliza basi: ishara ya wachezaji ilisaidia nini? Jibu ni kwamba mchezaji wa mpira haamuru jeshi. Wanaopaswa kujibu kuhusu damu iliyomwagika ni wenye bunduki na wenye kuwatuma, na hakuna bao wala kombe litakalowaondolea mzigo huo.

Lakini shabiki naye ana swali la kujiuliza, na swali hilo limo ndani ya timu yenyewe anayoipenda.

Atazame majina ya wale waliomfurahisha mwaka ule. Golikipa Lionel Mpasi, aliyefunga penalti ya mwisho na kuitoa Misri kwa 8-7, alizaliwa Ufaransa. Yoane Wissa na Arthur Masuaku, waliofunga pamoja na kapiteni Chancel Mbemba katika ushindi wa 3-1 juu ya Guinée, nao walizaliwa Ufaransa. Théo Bongonda alizaliwa Ubelgiji, Charles Pickel alizaliwa Uswisi. Mbemba na Meschack Elia ni watoto wa Kinshasa, Fiston Mayele ni wa Mbuji-Mayi. Katika kundi hilo kuna ambao Kiswahili hawakijui, na Masisi hawajawahi kukanyaga.

Je, usiku ule wa Misri kuna mtu aliyemuuliza Mpasi babu yake alizikwa kilima gani? Hakuna. Alivaa jezi, akasimama golini, akafunga, na watu wakaimba jina lake hadi asubuhi. Shabiki alimkubali kuwa ndugu kwa dakika moja tu.

Swali ambalo Mpasi hakuulizwa ndilo linaloulizwa kila siku katika vilima vyetu: wewe kwenu ni wapi? Na mara nyingi anayeuliza ana panga au bunduki mkononi. Tarehe 20 mwezi wa tatu mwaka 1993, kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, watu waliokwenda kuuza na kununua walishambuliwa na kuuawa kwa sababu ya kabila lao. Moto ule ulipanda hadi Masisi, Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu na Watutsi wakazika watu wao, na vijiji vilivyokuwa vikioleana vikaanza kuogopana. Makundi ya silaha yaliyozaliwa baadaye yalikuta njia imekwisha kulimwa.

Kuna atakayesema kwamba mpira ni mchezo, na udongo wa Masisi ni jambo lingine. Ana haki kwa sehemu. Matatizo ya mashamba hapa ni ya kweli na ni ya zamani: tangu mwaka 1937 utawala wa Wabelgiji ulileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Masisi, na baada ya uhuru mashamba makubwa yakaingia mikononi mwa watu wachache wenye nguvu. Mambo hayo yanadai hati, mahakama na baraza la wazee. Lakini panga halijawahi kutoa hati ya shamba. Baada ya zaidi ya miaka 30 ya kuuana, mkulima mdogo wa kila kabila bado hana shamba la uhakika, na wengi wako kambini.

Kulaani vita na wanaovileta ni haki ya kila mkaaji. Kumgeuzia jirani hasira hiyo kwa sababu ya pua yake au lugha ya mama yake ni kufanya kazi ya adui bila mshahara. Mtu anayezomewa njiani leo kwa sababu ya sura yake, kesho atatafuta mwenye silaha wa kumlinda, na mwenye silaha hakosekani.

Kwa hiyo ishara ya Abidjan iliwahusu wakubwa wa dunia, na iliwahusu pia mashabiki. Wachezaji waliziba midomo ili wengine waone. Shabiki wa Nyabiondo, wa Kitshanga, wa Pinga au wa Mubi anaweza kujibu kwa vitendo vilivyo katika uwezo wake. Walimu, mapadri, wachungaji na wakubwa wa vijiji wanaopanga michuano ya vijana, wasiache kila kabila liunde timu yake. Wachanganye watoto, mmoja apige pasi, mwingine afunge. Wazazi wasiruhusu matusi ya kabila pembeni ya kiwanja, hata timu yao ikifungwa. Na wenye silaha, wa upande wowote, waache viwanja vya shule na wasiende kutafuta askari kati ya watoto wanaokimbiza mpira.

Chui watacheza tena, na watu wa Masisi na Walikale watakusanyika tena mbele ya redio na simu, kambini au nyumbani. Bao likiingia, kila mmoja atamkumbatia aliye karibu yake bila kumuuliza kabila. Kinachodaiwa ni kwamba asubuhi yake, wakikutana sokoni, wasalimiane.