Kompaila Isinyamaze Pesa za Chama Zikipotea

Chama chenye wanachama 60 huko Makina, Kibera, kikishapokea michango ya watu 45 kimefikia asilimia 75. Mweka hazina hahitaji kikokotoo. Lakini kijana akimwandikia programu ya Java yenye hesabu ya 45 / 60 * 100, jibu litakuwa sufuri.

Katika Java kila namba hutangaziwa aina yake mapema. 45 na 60 zikiwa namba kamili, jibu la kugawanya nalo hulazimika kuwa namba kamili: 0.75 hukatwa, ikabaki 0. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, haisemi neno.

Upo ukimya mbaya zaidi. Java huigeuza int (namba kamili) kuwa float (namba ya desimali) bila kuombwa, ingawa float hubeba usahihi wa biti 24 tu. Akiba ya Sh16,777,217 ikipita humo hutoka Sh16,777,216. Shilingi imepotea na hakuna aliyeichukua.

Lugha ya C ndiyo imelegea kabisa, na mfano wa ramani unaonyesha hivyo. Mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walianza kuzunguka mtaa wao na vifaa vya GPS, wakaingiza kwenye ramani huria ya OpenStreetMap njia, vyoo na zahanati ambazo ramani za mtandaoni hazikuwa nazo. Kibera iko karibu nyuzi 1.31 kusini na 36.78 mashariki. Vipimo hivyo vikiwekwa kwenye int ya C, desimali hukatwa kimya, na zahanati ya Kibera huangukia upande wa Narok. Kompaila ya GCC haionyi hata ikipewa -Wall. Lazima onyo liombwe kwa jina, mfano -Wconversion.

Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, hukataa mchezo huo. Int haiingii kwenye Long, aina ya namba kamili kubwa zaidi, mpaka mwandishi aandike toLong() kwa mkono wake. Wanagenzi hulalamika kwamba ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa haki: anayegusa akiba ya watu atamke wazi anachoifanyia kila namba.

Hata hivyo Kotlin nayo hujibu 45 / 60 kwa sufuri, kwa hiyo lugha pekee haitoshi. Wanaofundisha vijana, iwe taasisi ya Tunapanda pale Kibera au madarasa ya Kawangware, waanze na hesabu hii ya chama kabla ya vitufe na rangi za skrini. Pesa zihifadhiwe kwa senti ndani ya Long, float isiziguse, na kila onyo la kompaila liwashwe tangu somo la kwanza.