Jina la Lugha Si Kipimo cha Hadhi Yake

Katika Kikantoni, lugha ya Hong Kong na sehemu kubwa ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, majina ya lugha huishia kwa mojawapo ya maneno matatu: *waa*, yaani usemi, *man*, yaani maandishi, na *jyu*, yaani lugha, ambalo ni la kirasmi zaidi. Hivyo Kikantoni chenyewe ni *Gwongdungwaa* nyumbani na sokoni, bali vitabuni ni *Jyutjyu*. Kiingereza nacho, hata kinaposemwa tu, watu hukiita *Jingman*. Jina lake la kirasmi zaidi ni *Jingjyu*.

Wapo wanaodhani kwamba kinachoitwa *waa* ni lahaja tu, isiyostahili kuingia darasani. Dhana hiyo haina msingi. *Poutungwaa*, lugha sanifu ya China nzima, hubeba neno hilo hilo. Tena, sera ya lugha ya Hong Kong hutaja *man* mbili, Kichina na Kiingereza, na *jyu* tatu, Kikantoni kikiwa mojawapo.

Yafaa basi mwalimu amfundishe mwanafunzi kuchagua jina lipasalo kila mahali, pasipo kumfanya alionee haya jina alilolisikia kwa mama yake.