Je, Ndoa Ni Mwisho wa Masomo?



Mara nyingi tunasikia nyumbani: "Binti akisoma sana, nani atamuoa? Na akiisha kuolewa, vitabu ni vya nini tena?" Na kijana akipenda kamera anaambiwa kwamba sinema ni mchezo wa wavivu. Sisi hatukubali, na mfano tunao.

Katia na Maurice Krafft walikuwa Wafaransa, bibi na bwana. Walisoma iniversite ya Strasbourg, bibi kemia, bwana jeolojia. Walioana mwaka wa 1970, na kazi yao ikawa moja tu: kufuata volkano duniani kote. Hata kwetu Kivu walifika, kwenye Nyiragongo. Bibi alipima gesi na kupiga picha, bwana alishika kamera ya sinema.

Ilikuwa mchezo? Mwaka wa 1985, kule Kolombia, volkano Nevado del Ruiz iliyeyusha barafu yake. Matope yakateremka usiku, yakaua watu zaidi ya 20.000. Wataalamu walikuwa wameonya, lakini onyo halikufuatwa. Ndipo wale wawili wakatengeneza sinema ya kuonyesha namna volkano inavyoua. Mwaka wa 1991 ilionyeshwa Ufilipino, kwa wakubwa na kwa raia, mbele ya mlima Pinatubo kupasuka. Watu wakaona kwa macho, wakaamini, wakahama. Tarehe 15/6 mlima ukapasuka kwa nguvu sana, na maelfu walikuwa wamekwisha kuokoka. Katia na Maurice hawakuyaona hayo. Tarehe 3/6 walikufa kwenye mlima Unzen, Japani, pamoja na watu wengine 41.

Mtu atasema: "Munaona? Walikufa, wala hawakuacha mtoto." Ni kweli, hatufichi. Kazi ile ina bei yake, na hatusemi kila mtu asogelee moto. Tunasema hivi: nyumba yao haikuzuia kazi, bali iliibeba, kwa sababu kila mmoja aliheshimu kazi ya mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili ni letu pia. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka wa 1977, wa 2002, na tena tarehe 22/5/2021, watu wa Goma wakakimbia usiku na watoto mgongoni. Tangu mwaka wa 1986 Goma kuna ofisi ya kuchunguza volkano. Watu wa kupima wanahitajiwa, na vilevile watu wa kueleza kwa picha, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini, ili mama wa sokoni aelewe upesi. Watatoka wapi, kama nusu ya darasa inaacha kalamu siku ya mahari?

Basi wazazi, mchumba akija, mumuulize kwanza: "Utamwacha asome?" Na sisi wavulana tujifunze kuteka maji na kupika ugali tangu leo. Hatutafuti mtumishi wa nyumba, tunatafuta mwenzi wa kazi.

Wanafunzi wa mwaka wa sita