Tamko kwa Umma Kuhusu Kumtolea Figo Mtu Usiyemjua

Sisi, wagonjwa wa figo na jamaa zao kutoka Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki, tumekutana kama chama na kuafikiana kutoa tamko hili.

Wengi wetu husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Thamani ya figo tunaijua. Tunawashukuru wanaojitokeza kanisani na kwenye harambee wakisema wako tayari kumpa figo mgonjwa wasiyemjua. Ila katika harambee jina husomwa hadharani, na aliyeahidi hudaiwa. Figo haichangishwi hivyo. Aliyeahidi mbele ya watu huona haya kughairi, na ridhaa inayoshikiliwa na haya si ridhaa.

Kwa hiyo tunatamka kwamba:

1. Figo haiuzwi. Chini ya Sheria ya Afya ya 2017, anayetoza pesa kwa kiungo cha binadamu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Mnamo Aprili 2025, Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia tuhuma za biashara hiyo.

2. Chama hakitamkutanisha mtoaji na mgonjwa, wala kutangaza jina la yeyote. Mwenye nia aende hospitali iliyoidhinishwa, apimwe, kisha ahojiwe faraghani na mshauri asiyemhudumia mgonjwa.

3. Mtoaji aelezwe ukweli wote. Wengi huishi vyema kwa figo moja, lakini upasuaji una hatari zake, na uwezekano wa figo iliyobaki kufeli baadaye huongezeka kidogo. Mchuma majani chai wa Tetu au mwendeshaji bodaboda wa Karatina atakaa wiki kadhaa bila kazi nzito.

4. Kumrudishia mtoaji nauli, gharama za vipimo na ujira aliopoteza si kumnunua. Azimio la Istanbul la 2008 linatofautisha mambo hayo mawili. Tunaiomba serikali iweke utaratibu wa kulipa gharama hizo kwa stakabadhi, na mtoaji apimwe bure kila mwaka katika hospitali ya kaunti yake, asilazimike kusafiri hadi Nairobi.

5. Mtoaji anaweza kughairi hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, bila kutoa sababu. Mgonjwa aambiwe tu kwamba upasuaji haukuwezekana. Mwanachama atakayemtafuta mtoaji huyo ili kumbembeleza au kumlaumu atachukuliwa hatua na chama.

Tunaozisubiri figo hizo ni sisi wenyewe. Hata hivyo, hatutaki kupona kwa figo ya mtu aliyekosa nafasi ya kusema hapana.

Limetolewa Nyeri na Mwenyekiti na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.