Mwanafunzi afunzwe vali huvuja wapi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna mtoto wa shule asiyeijua methali hii. Aliyeitunga, hata hivyo, alikuwa na ufa mbele ya macho yake. Wapo mafundi wanaofanya kazi kando ya nyufa wasizoziona kamwe.

Nazungumzia vali, zile koki kubwa za viwandani zifunguazo na kufunga mabomba ya gesi na mafuta. Shina la vali huzungukwa na kizibo laini kilichokazwa kwa nati. Kwa joto, msuguano na umri, kizibo hicho hulika, na gesi ikapenya taratibu, mchana na usiku, pasi na sauti wala moshi. Ikiwa ni methani, kwa uzito ule ule huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi katika muda wa miaka 20. Ikiwa ni mvuke wa petroli, mna benzini ndani yake, iletayo saratani ya damu, na wa kwanza kuivuta ni fundi mwenyewe.

Wenye viwanda aghalabu hujitetea kwamba vali ni maelfu na gharama haibebeki. Sikubaliani nao. Uchunguzi wa viwanda vya kusafisha mafuta huko Los Angeles, uliotolewa mwaka 1997, ulionyesha kwamba takriban sehemu 13 tu katika kila 10,000 zilitoa zaidi ya asilimia 90 ya uvujaji unaoweza kuzuiwa. Wenye hatia ni wachache. Taabu ni kwamba hawajulikani mpaka watafutwe, na vali iliyokuwa nzima mwaka jana huenda imo kundini mwaka huu. Kwa hiyo ukaguzi hauna budi kuwa wa mara kwa mara. Penye bomba lisilo la moto, maji ya sabuni hutosha kuufichua uvujaji. Kwingineko pana vipima-gesi. Mara nyingine kukaza nati kwatosha.

Hapa nawageukia walimu wa vyuo vya ufundi. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, lakini matangi ya petroli na gesi yangalipo Mombasa, na vijana wetu ndio watakaoyahudumia. Mwanafunzi huweza kuichora vali kwa ustadi, akajibu mtihanini kwamba hufungua na kufunga, asiulizwe hata mara moja huvuja wapi. Mwalimu, mpe sabuni na brashi, umpeleke karakanani penye bomba lililoshindiliwa hewa, autafute uvujaji mwenyewe. Akiona povu, aandike daftarini tarehe na nambari ya vali, ili fundi wa zamu inayofuata ajue pa kuanzia.