Aliyefariki Kabla ya Maji



Mwezi uliopita tulimzika kijana mwenzetu. Alikuwa kwenye darasa la ubatizo, zimebaki Jumapili mbili tu azamishwe, malaria ikamuwahi. Kwenye matanga mtumishi mmoja akasimama akasema, mbele ya mama mzazi, kwamba asiyebatizwa hana chake mbinguni. Mama alinyamaza tu. Sisi tuliokuwa tunagawa chai tukatazamana, hakuna aliyefungua mdomo. Ndo maana tunaandika leo.

Andiko alilotumia tunalijua: Yohana 3:5, kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Ni andiko zito, hatulipuuzi. Lakini mbona hakufika Luka 23? Yule mhalifu hakushushwa msalabani akabatizwe kwanza, na Yesu alimwahidi peponi siku ile ile. Wapo wanaojibu kwamba alikufa kabla agizo la ubatizo halijatolewa. Sawa, tunawaelewa. Basi twende Matendo 10: Kornelio na waliokuwa nyumbani mwake walishukiwa na Roho Mtakatifu wakiwa bado wakavu kabisa. Maji yalikuja baadaye. Ila yalikuja! Petro hakusema imetosha, aliagiza wabatizwe. Na Marko 16:16, anayehukumiwa pale ni asiyeamini, asiyebatizwa hakutajwa.

Hapo ndo tunaposimama sisi. Ubatizo ni agizo, mwenye nafasi asiahirishe kila mwaka kama wengine tunaowajua. Lakini aliyeamini, akautamani, akafa njiani, Mungu hashindwi kumpokea.

Hata Wakatoliki, wanaofundisha kwamba ubatizo ni wa lazima, wanasema mwanafunzi wa ubatizo akifa kabla, toba yake na nia yake vinahesabiwa. Wanauita ubatizo wa tamaa. Jeshi la Wokovu hawatumii maji kabisa. Wakimbangu wa kwetu Kongo wanabatiza kwa maombi na kuwekewa mikono. Hao wawili hatukubaliani nao kwa hilo la maji, ila hatuthubutu kusema wote wamepotea.

Watumishi wetu, tunawaomba kwa heshima: mtu wa darasa la ubatizo akizidiwa hospitalini, nendeni na maji hata ya kopo, mmwagieni kichwani. Mto mtautafuta akipona. Na kwenye matanga, mwacheni mama alie. Nanyi ndugu wa mashirika, mgonjwa akidai kubatizwa usiku wa manane, msimwone amechanganyikiwa. Anaogopa. Mwiteni mchungaji wake.

Mama wa marehemu hajarudi kanisani mpaka leo. Jumamosi tunaenda kumchotea maji na kumpasulia kuni. Mwenye dumu aje nalo saa 12 asubuhi, kabla foleni ya bomba haijawa ndefu.