Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliotuusia maneno haya hawakuijua kompyuta, lakini lau wangefufuka leo wakaona namna elimu inayohusu Visiwa vyetu inavyotunzwa, wasingebadilisha hata herufi moja ya usemi wao. Elimu nayo ni mali, na daftari lake ni marejeo: nani kaandika, lini, wapi, na kwa kumtegemea nani.

Sisi tuliolelewa chuoni kabla ya kupelekwa skuli tulifunzwa mapema kwamba hadithi haipokewi mpaka ijulikane isnadi yake, fulani kutoka kwa fulani, hadi kwenye chanzo. Silsila ikikatika, habari hudhoofika. Tulipoingia kazini tukaikuta masjala, ambamo barua isiyo na namba ya jalada huhesabiwa kuwa haipo.

Ulimwengu wa wasomi nao umejiundia masjala yake. Tangu mwaka 2000 shirika la Crossref, lililoanzishwa na wachapishaji wenyewe, huandikisha makala za kitaaluma kwa namba ya kudumu iitwayo DOI. Pamoja na namba hiyo huwekwa jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida, juzuu na mwaka, na mara nyingi orodha ya maandiko aliyoyategemea. Mtafiti akiiingiza namba hiyo katika programu ya kupangia marejeo, kama vile Zotero, taarifa hizo humjia mara moja bila kuzinakili kwa mkono, na aweza kuiunganisha makala hiyo na nyingine zinazohusiana nayo. Zotero, iliyoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, hutolewa bila malipo, kwa hiyo udhaifu wa fungu hauwezi kuwa kisingizio. Tangu mwaka 2019 programu hiyo humwonya mtumiaji pale makala aliyoihifadhi inapokuwa imebatilishwa.

Pengine mwananchi wa Paje atauliza: haya yananihusu nini mimi? Yanamhusu sana. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, waliokibeba walikuwa zaidi ni akina mama. Baadaye aina ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi, ikaanza kufa sehemu nyingi, na wataalamu wakalihusisha jambo hilo na kupanda kwa joto la maji ya bahari. Afisa anayetakiwa kuamua mbegu gani ipandwe, na katika kina gani cha maji, hana budi kujua utafiti upi uliufuata upi, na upi uliukosoa upi. Asipojua, atakayelipa gharama ya uamuzi wake ni mama aliyesimama majini tangu alfajiri.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa safu hii alikaa katika kamati moja iliyopima mashauri kuhusu kilimo hicho. Taarifa tuliyoletewa ilisimamisha hoja yake kubwa juu ya waandishi wawili waliokubaliana. Tulikuwa karibu kutia saini, mzee mmoja alipotaka aonyeshwe makala zenyewe. Ikabainika kuwa waandishi wale wawili ni mtu mmoja. Sisi hujiita kwa jina letu, la baba na la babu. Tuseme mtu anaitwa Juma Haji Ali: jarida moja limemwandikisha kwa jina la Ali, jingine kwa jina la Haji Ali. Programu iliyapokea yote mawili kama ilivyopewa, na aliyeandaa taarifa hakukagua. Mashahidi wawili wakarudi kuwa mmoja, na shauri likarejeshwa lilikotoka.

Tangu siku ile tumeshika neno moja: mashine ni mchukuzi, si mhakiki. Hukuletea ulichopewa, kibovu kwa kizima. Kila rejeo linaloingizwa lisomwe mbele ya makala yenyewe: jina, mwaka, kichwa, kurasa. Vichwa vya Kiswahili visiachwe vikaharibiwa herufi zake, na rejeo lililoingia mara mbili liunganishwe kuwa moja.

Lakini kosa kubwa zaidi liko kwetu wenyewe. Ni taarifa ngapi zilizoandikwa na maafisa wetu, kwa fedha za umma, zimelala makabatini bila jina la mwandishi wala tarehe? Andiko la namna hiyo ni vigumu kuliingiza ipasavyo katika programu yoyote au kuliunganisha na jingine. Mgeni akija kuandika juu ya bahari yetu humtaja mgeni mwenziwe aliyemtangulia, si kwa dharau, bali kwa kuwa hakutuona. Hapo ndipo silsila inapokatika, na aliyeikata ni sisi.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa wizara na taasisi za Unguja na Pemba. Kwanza, taarifa yoyote isitoke ofisini bila mwandishi, tarehe na namba. Pili, zile zenye manufaa kwa umma ziandikishwe. Tangu mwaka 2023 Crossref imezisamehe ada taasisi za nchi kadhaa zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo. Tatu, makarani wa masjala na wakutubi wafunzwe kazi hii, na wanafunzi wa vyuo waizoee tangu mwaka wao wa kwanza.

Haya hayahitaji majengo mapya wala wataalamu wa kuazima. Yanahitaji uaminifu ule ule tuliofunzwa juu ya jamvi la chuo: usiseme neno mpaka ujue umelipokea kwa nani.